Ndege wa Pili

Fundi aliligundua kosa lake kwenye mabaki ya kitambaa. Alikuwa akifagia chumba cha cherehani asubuhi ya sherehe, akaokota kitambaa cha njano, king'aacho upande mmoja tu, alichokatia ndege wa bendera, akakinyoosha dirishani. Matundu mawili, na yote mawili yalitazama upande mmoja.

Bendera ile hushonewa ndege wawili, mmoja kila upande, wote wakielekea mlingoti. Kwa hiyo wa pili hukatwa baada ya kuigeuza karatasi ya kukatia. Miaka kumi na tisa fundi aliigeuza. Safari hii, masikini, alisahau. Sasa upande mmoja wa bendera ya taifa, ndege aliupa mlingoti mgongo, na bendera ilikwishapelekwa uwanjani tangu jana.

"Wifi, nani atamtazama ndege?" alicheka dada wa mumewe, akikoroga chai. "Watu wanaangalia nani kakaa mbele!"

"Usinitanie. Watu wanafungwa kwa kuidhihaki bendera."

"Basi nenda ukawaambie."

"Nijipalie makaa mwenyewe?"

Hakwenda kusema, alikwenda kuchungulia. Alisimama nyuma ya umati. Wimbo ulianza, bendera ikapanda. Upepo ukaigeuza, na yule ndege wa aibu akajionyesha mbele ya wakubwa wote. Fundi alifumba macho, akamwomba Mungu autulize upepo. Aliogopa vibaya, kama mtoto aliyevunja chungu cha mama yake.

Wimbo uliisha, watu wakaketi. Hakuna aliyenyoosha kidole. Fundi alianza kunyata kuelekea langoni.

"Fundi! We fundi, hebu simama!"

Alikuwa katibu wa ofisi kuu, anakuja mbiombio, askari nyuma yake.

"Mkubwa kaipenda bendera," alisema katibu akihema. "Anataka arobaini, za shule zote. Ziwe hivihivi, mama. Tutazilinganisha na ile moja baada ya nyingine, na huyu askari ndiye atakayesimamia."

Mchana uleule fundi alitandika kitambaa cha njano mezani, akaweka karatasi juu yake. Akaigeuza. Akairudisha. Akaigeuza tena. Alishika mkasi asikate, na wifi yake aliyesimama mlangoni, safari hii hakucheka.