Kiondo cha Kalondu

Madam Kasyoki akichoka hupanguza miwani, na siku hizi anaipanguza kutwa. Mimi nafundisha darasa linalopakana na lake, hapa kwenye shule yetu ya mlimani juu ya soko la Kikima, na kupitia ukuta ule mwembamba nimeisikia sauti yake miaka nenda miaka rudi. Zamani ilikuwa inatikisa mabati. Sasa inatoka kama redio iliyoishiwa na betri, na simlaumu. Aliingia kazini na chaki na kiboko, mwaka huu anastaafu akiwa na simu mkononi.

Tusidanganyane, zamani haikuwa asali. Tulichapwa, nasi tukachapa, tukawakaririsha watoto mambo ambayo hata sisi hatukuyaelewa. Lakini mtoto akikosea, alirudia. Ijumaa mchana Kasyoki alikuwa akiwakalisha watoto nyuma ya darasa, kila mmoja na nyuzi zake za mkonge, awafundishe kusuka viondo jinsi alivyofundishwa na mamake. Anapita nyuma yao, anashika kazi, anaipapasa. "Fumua," anasema. Basi. Mtoto anafumua, anaanza upya, hata kama machozi yanamtoka. Nikamtania siku moja, "Madam, wewe hufundishi kusuka, unafundisha kufumua." Akanijibu kwamba ni kitu kimoja.

Halafu mtaala mpya ukaja. Kwenye karatasi ni mtaala mzuri, sitausema vibaya. Mtoto atengeneze kitu kwa mikono yake mwenyewe. Sasa si ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya Kasyoki miaka yote? Ila siku hizi inaitwa projekti. Mwalimu anapiga picha ya kitu kilichokamilika, anaituma kwenye mtandao pamoja na alama, na alama hiyo inajumlishwa na mtihani wa mwisho wa mtoto. Tarehe ikifika, picha iwe imeenda. Nani ana muda wa kufumua?

Muhula uliopita Gredi ya Sita waliambiwa wasuke viondo. Wazazi wa hapa ni watu wa shamba na kanisa, si matapeli, lakini waliuelewa mchezo kabla yetu: kinachotakiwa ni picha. Siku ya soko wakateremka Kikima. Siku ya kuleta kazi, meza ya Kasyoki ikajaa viondo vya rangi zile zile na mistari ile ile, mkono wa mama mmoja wa sokoni. Vingine vilikuwa na mikanda ya ngozi. Cha mwanafunzi mmoja, Nyamai, bado kilikuwa kimejazwa magazeti ndani, kisipoteze umbo.

Kalondu alileta kitako. Kitako tu cha kiondo, upana wa kisahani cha chai. Anaishi na nyanyake, Ndunge, mama mzee asiyeona tena, ambaye huikagua kazi kwa vidole.

"Susu amenifumulisha," Kalondu akaeleza, maana ndivyo anavyomwita nyanyake. "Kila nikifika hapo, anasema nifumue."

Viganja vyake vilikuwa vimekwaruzwa na mkonge. Kasyoki alikipapasa kile kitako, kisha akaniita kutoka darasani kwangu. "Kitonga, njoo uone. Katika meza yote hii, kazi ya mtoto ni hii moja." Na kazi isiyokamilika hupewa alama ya chini kabisa. Mtoto mwerevu kuliko wote darasani alikuwa karibu kuanguka kwa sababu ndiye pekee aliyefanya alichoambiwa. Iliniuma, sitaficha.

Mwalimu mkuu, Bwana Mbaluka, akapitia hapo. "Madam, muazime kiondo cha mwenzake, akishike, mpige picha, tumalize. Tarehe ya mwisho ni leo." Si mtu mbaya Mbaluka, naye anapigiwa simu na wa juu yake. Kasyoki alibisha kidogo. Zamani angebisha mpaka jioni.

Tukapanda hadi kwenye tangi la maji, maana netiweki haipatikani kwingine. Kalondu akashika kiondo cha Nyamai, akatabasamu alivyoambiwa. Picha ikaenda, na alama ya juu ikaenda nayo.

"Nimechoka, Kitonga," Kasyoki akaniambia tukiteremka. "Na si mwili."

Nilimwambia yaliyopita si ndwele. Hata mimi sikuyaamini maneno yangu.

Asubuhi yake nilikuwa kwa Kasyoki Kalondu aliposimama mlangoni pa darasa, kile kitako mkononi, nyuzi zikining'inia. Hakuwa na kinyongo. Alitaka kujua tu.

"Mwalimu, nimwambie susu tumeshamaliza?"

Nilidhani Kasyoki atamwambia ndiyo, nenda ukacheze. Mbona asimwambie? Alama ilikuwa imeshapatikana, na yeye alikuwa amebakisha muhula mmoja apumzike.

Badala yake akavua miwani na kuitia mfukoni bila kuipanguza. Akaketi kizingitini, akanyoosha mkono, akapewa kile kitako. Alifumba macho, akakizungusha polepole kwa vidole, mstari baada ya mstari, mpaka akafika karibu na ukingo.

"Hapa umelegeza," akasema. "Fumua."

Kalondu akaketi kando yake, akaanza kufumua.