Maziwa ya Jioni ya Kinoo

Lori la maziwa lilikuja Kinoo asubuhi tu. Maziwa ya jioni yalitubakia: tukanywa, tukawapa ndama, mengine yakaharibika. Ndiyo maana niliwaomba wanachama wa ushirika wetu maziwa ya jioni moja tu, nijaribu kutengeneza jibini ya kuuza Spring Valley, mtaa wa matajiri jijini. Mwenyekiti alikubali kwa sharti. "Ikikataa, kijana, tusisikie tena hiyo hadithi."

Nilikuwa nimejifunza peke yangu, kutoka kitabu chakavu nilichonunua kando ya barabara katikati ya jiji. Sura ya kwanza niliipenda mno. Ilisema zamani, huko ng'ambo, kila mke wa mkulima alitengeneza jibini jikoni mwake, nyingine tamu, nyingine ya kutupwa, mpaka majirani walipoanza kupeleka maziwa yao kwa mtu mmoja, kwenye chombo kimoja. Viwanda vya jibini vilianza hivyo. Nilisoma nikiwaona mama zetu, kila mmoja na mtungi wake.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Jioni ile nilichemsha visu na kitambaa cha kuchujia, nikapima joto la maziwa, nikapima tena, kisha nikaanza kukishuku kipimajoto chenyewe. Nikatia dawa ya kugandisha, nikafunika. Kitabu kilisema maziwa yakishaganda, kisu huyapasua na kuacha ufa safi. Changu kilizama kama kwenye uji. Nikangoja zaidi. Uji.

Wanachama walikuwa wamejaa nyuma yangu katika kibanda cha ushirika.

"Sasa," Mwenyekiti akauliza, "tulete sahani ama vikombe?"

Walicheka. Mimi nilikuwa karibu kulia. Nikaanza kuomba radhi: labda joto, labda dawa, labda mikono yangu.

"Na vile niliyachemsha vizuri," mama yangu, naye mwanachama, akasema kwa huzuni.

"Mum, uliyachemsha?"

"Ningekupa mabichi uwapelekee watu wa Spring Valley? Waugue, tuitwe wachafu?"

"Hata mimi nilichemsha," akasema shosh mmoja, bibi kizee jirani yetu. "Yakafurika mara mbili."

Walitazamana. Kumbe kila nyumba ilikuwa imechemsha, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Maziwa yaliyochemka hivyo hayagandi vizuri kwa ile dawa. Nilikuwa nimewaeleza habari ya mitungi, sabuni na vitambaa, lakini hilo halikunijia kabisa. Kwetu hakuna anayempa mgeni maziwa mabichi.

"Sharti ni sharti," nikamwambia Mwenyekiti.

Alikuna kidevu. "Hiyo si jibini iliyokataa. Hiyo ni chai bila majani. Kesho leteni mabichi."

Walileta, lakini kwa aibu. Shosh aliufunika mtungi wake kwa leso na kuniambia nifunge mlango, majirani wasione. Niliyapasha moto mwenyewe, polepole, nikatia dawa, nikasimama nimekunja mikono ili nisiguse kitu.

Kisu kiliingia, maziwa yakapasuka. Ufa safi.

Hakuna aliyecheka. Shosh alinyoosha kidole akagusa. "Wee! Laini kama shavu la mtoto."

Mwenyekiti aliingia chumba cha nyuma na kuanza kuburuta magunia ya chakula cha ng'ombe, akitoa nafasi ya jibini.

"Umesimama nini?" akaniuliza. "Shika upande huo."