Majibu Tuliyoyafuata Kasulu

Hapa Kibondo nilijulikana kuwa tasa, na utasa wenyewe haukuwa wangu. Tulipopima, mwenye tatizo alikuwa mume wangu. Tulikwenda kupimia Kasulu makusudi, kwenye zahanati ya binafsi, maana hapa kwetu kila nesi ni shangazi au jirani wa mtu. Tukiwa njiani kurudi alilia, akaniomba mama yake asijue. Nikakubali. Mama mkwe akawa ananisema mbele ya wageni kwamba mwanawe anapalilia mgomba usiozaa, nami nikameza.

Kisha zahanati ile ikafungua tawi Kibondo, matawi yote mawili yakatumia mfumo mmoja wa kompyuta. Wifi yangu akaajiriwa mapokezi. Kazi yake ilikuwa kuandikisha wagonjwa tu, lakini nywila yake ilifungua kila kitu, hata majibu ya maabara ya Kasulu. Siku moja akaandika jina la kaka yake.

Ukoo mzima ukajua. Mume wangu aliingia nyumbani bila salamu.

"Umenivua nguo," akasema. "Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni wewe."

Niliapa mpaka sauti ikakauka. Mama yake, badala ya kuniomba radhi, akasema mwanawe alikuwa mzima, ameharibiwa na mwanamke wa kuja.

Nikakumbuka wifi anakaa mapokezi; nilimburuta mume wangu hadi zahanati nikiwa nawaka. Msimamizi alitusikiliza kwa upole ulionikera zaidi.

"Hakuna aliyeiba, mama. Wafanyakazi wote wana ruhusa."

"Hata wa mapokezi aone ya maabara?"

"Mfumo ulikuja hivyo."

Ulikuja hivyo! Utadhani anazungumzia mvua. Nikamwambia atuonyeshe. Akakaa kwenye kompyuta ya mapokezi, akaingia kwa nywila ya pale pale, na majibu ya mume wangu yakatokea yote.

Mume wangu akanigeukia.

"Kumbe si wewe," akasema.

"Si mimi."

Nilisubiri neno pole. Tulitoka nje, tukaifuata barabara ya sokoni, bado nasubiri. Ndipo akanishika mkono, akaniomba kwa sauti ya chini niwaambie ndugu zake kwamba kompyuta ilichanganya mafaili, na kwamba mgonjwa ni mimi.

Niliutoa mkono wangu, nikamwambia aende kwa mama yake peke yake.