Jina la Babu Yangu kwenye Kompyuta ya Hospitali

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufunguo wa kabati kabla ya kupewa kiti. Hospitali ilikuwa hapa Garissa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi tu, na shati nililovaa lilikuwa la kaka yangu. Afisa Mkuu wa Kumbukumbu, mzee mrefu kutoka Wajir, alinisimamisha katikati ya rafu za mafaili akanieleza kazi kwa maneno machache. Idara yetu haitibu mtu, alisema. Kazi yake ni kuhakikisha daktari anapata faili la mgonjwa aliye mbele yake, na mtu mwingine yeyote halipati.

"Na hapa kila mtu ni ndugu ya mtu," akaniambia. "Watakuja na undugu wao. Wape chai, faili usiwape."

Kazi hiyo niliifanya mpaka nikastaafu. Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoianza sasa, ambao hunijia wakiuliza zamani ilikuwaje. Niliyoyaona mazuri ni mengi kuliko mabaya, na katika hayo mabaya yapo niliyoyafanya mwenyewe.

Kutoka Garissa nilihamishiwa Masalani. Wagonjwa wa ng'ambo ya Tana walivuka kwa boti, na mara nyingi kadi zao zilifika zimelowa. Muuguzi msimamizi alitufundisha kuzianika ndani ya chumba, maandishi yakitazama chini, ili anayepita dirishani asisome. Nilimheshimu sana kwa hilo, maana hakuna kitabu kilichomwambia afanye hivyo. Baadaye nikapelekwa Hulugho, karibu na mpaka. Huko takwimu za mwezi tulizituma kwa redio ya upepo, taar kama tulivyoiita, na kila mwenye taar alikuwa anasikiliza. Tabibu msimamizi alikuwa mkali kwa jambo moja: hewani jina la mgonjwa halitajwi, hutajwa namba yake. Siku moja mgonjwa alizidiwa, nami kwa haraka nikamtaja kwa jina ili gari la kumchukua lije upesi. Jamaa zake walifika kabla ya gari, nusu yao wakiwa watu ambao mgonjwa mwenyewe hakutaka wajue. Tabibu hakunigombeza. Alinipa kiti nikae nao mpaka gari lilipokuja, nijibu maswali yao yote.

Kisha ikaja Takaba, ambako nilikaa muda mrefu na nikaoa. Niliporudi Garissa nilikuwa nimeanza kuota mvi, na kwenye chumba changu cha zamani nikakuta rafu zimesukumwa ukutani na kompyuta zimepangwa katikati.

Msimamizi mpya alikuwa Madam Hodhan, Afisa wa Kumbukumbu na Takwimu. Nilimzidi umri, kwa hiyo aliniita adeer, yaani baba mdogo, na baada ya kuniita hivyo alinituma kama mtoto wa shule. Sikuwahi kuona mtu anayeijua kazi yetu kama yeye.

Sijui niwaelezeje taabu ya mashine zile. Mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuzisimamia programu nyingine, muuzaji alikuwa ameuweka bila leseni. Kila asubuhi ulituandikia kwa lugha ya heshima kwamba sisi ni wezi. Mfumo ukipata intaneti ulianza kujisasisha foleni ikiwa imefika mlangoni, na umeme ukipotea kabla haujamaliza, mashine haikuamka tena. Mafaili ya wagonjwa tuliyafungua kupitia kivinjari, tulichokiita brauza, kile kile ambacho ninyi mnasomea habari za mtandaoni. Kivinjari kikijifanya kipya, mafaili yalikataa kufunguka. Tukikirudisha kwenye hali ya zamani, chenyewe kilianza kulalamika kwamba kimezeeka. Daktari mmoja alileta flashi yenye mawaidha ya sheikh wake, na kufikia alasiri takwimu zetu zote zilikuwa zimegeuka vialama visivyofunguka. Kirusi hakikujali kwamba kimebebwa na maneno mema.

Madam Hodhan hakuitukana mashine hata mara moja. Kazi ya kusasisha aliipangia Ijumaa adhuhuri, wakati hospitali imetulia, na jenereta ikinguruma tayari. Matundu ya flashi aliyaziba kwa plasta ya wodini. Alitufundisha kuifunga skrini kila tunapoinuka, hata kama ni kwenda kutia udhu. Ukisahau, ulirudi ukakuta ameigeuza picha juu chini, na kuirudisha hujui. Ilibidi uende kumwomba mbele ya wenzako. Baada ya kuombwa mara kadhaa alikuwa anauliza tu, "Adeer, leo dunia imekuwaje?"

Mfumo wa mafaili uliletwa na mtaalamu kutoka Nairobi, kijana mwenye adabu. Alitueleza habari ya nywila, lile neno la siri la kuingilia, ambalo sisi tulisema paswadi. Ukiisahau, mfumo unakuuliza maswali ya usalama, na ukijibu sawasawa unakuruhusu kuweka nyingine. Babu yako mzaa baba anaitwa nani? Ulisoma shule gani ya msingi? Mnyama wako wa kwanza alikuwa nani?

Tulijaza majibu. Madam Hodhan akamwomba mtaalamu asiondoke kwanza. Alimwita Habiba, mama aliyetuletea chai, akamuuliza babu yangu ni nani. Habiba alimtaja, akamtaja na baba yake, na baba wa baba yake, akawa anaendelea kupanda huku chupa ya chai bado iko mkononi.

"Inatosha," Madam akasema. "Shule?"

"Wakati wao kulikuwa na shule ngapi?"

"Na mnyama?"

"Ngamia," Habiba akajibu. "Unataka na jina lake?"

Madam aliandika, akabonyeza, na akaunti yangu ikafunguka mbele yetu sote. Tulicheka mpaka wagonjwa wakachungulia. Mtaalamu naye alicheka, halafu uso ukambadilika. Alisema maswali yale yalitungwa na waliouza mfumo, na yeye hana uwezo wa kuyaondoa.

"Basi tutadanganya," Madam Hodhan akasema. Akatugeukia. "Kila mtu atafute babu mwingine. Awe Mkikuyu, awe Mchina, mradi Habiba asimjue."

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka mnielewe vizuri. Kwetu mtoto huyajua majina ya mababu zake kabla hajajua kusoma. Mimi baba yangu alinifundisha wakati wa kukamua, jina moja kwa kila ngamia. Na madrasani tulifundishwa kwamba kujinasibisha na asiye wako ni dhambi kubwa. Madam alijua tutakwama hapo, kwa hiyo alikuwa ameshakwenda kumuuliza imamu. Imamu alimwambia kompyuta haiozeshi wala hairithishi, mwandike mnachotaka. Wenzangu waliridhika. Mimi nilitikisa kichwa kukubali, nikakaa mbele ya skrini, nikaandika Guleed, jina halisi la babu yangu, na yale mengine mawili nikaandika kweli vilevile. Nilijiambia kwamba anayemjua Guleed ni mtu wetu, na mtu wetu hatanidhuru.

Wakati huo kulikuwa na binti mmoja aliyekuwa akitibiwa kifua kikuu. Nitamwita Fardosa. Jina hilo si lake, na mengine kumhusu nimeyabadilisha pia. Ugonjwa huo unapona kwa dawa, lakini kwetu bado unasemwa kwa sauti ya chini, na ukoo unaweza kupewa jina baya kwa sababu yake. Fardosa alikuwa amechumbiwa. Alikuwa amebakiza muda mfupi amalize dawa, na alipanga kumweleza mchumba wake mwenyewe, siku atakayokuwa na majibu ya kupona mkononi.

Karani wa stoo ya hospitali alikuwa binamu wa mchumba huyo, na kwa upande wa baba alikuwa mtu wa ukoo wangu. Alimwona binti akitoka upande wa kliniki ya kifua. Nilipokwenda kuswali adhuhuri, alikaa kwenye kompyuta ya stoo, akaandika jina langu, akadai amesahau nywila, akajibu kuhusu babu yangu, shule yangu na ngamia wangu. Alisoma faili lote.

Niliporudi, nywila yangu ilikataa. Sikushangaa. Mashine ile ilikuwa inatukataa kila siku kwa sababu moja au nyingine, kwa hiyo niliilaumu yenyewe, nikajibu maswali, nikaweka nywila mpya, nikamhudumia aliyekuwa dirishani. Madam alituagiza tumwambie mara moja jambo kama hilo likitokea. Sikumwambia, kwa sababu angeuliza niliandika nini kwa babu.

Maneno yalifika kwa akina mchumba upesi. Fardosa alikuja ofisini peke yake, akasimama mbele ya meza ya Madam, akauliza nani amemsoma. Mfumo huandika kila anayefungua faili, saa gani na kwa mashine ipi. Madam aliangalia, akamwomba ampe muda, kisha akaniita na kufunga mlango.

"Mashine inasema ni wewe, ukiwa stoo," aliniambia. "Mimi nilikuona ukienda msikitini. Uliandika babu gani?"

Nikamwambia. Akashika kichwa. Nilitegemea anifokee, na ingekuwa afadhali.

Daktari Mkuu wa hospitali alitaka tunyamaze. Alisema binti huenda alionekana tu akitoka kliniki, na watu wakabuni mengine. Madam Hodhan alimjibu kwa upole kwamba huenda, lakini si hivyo ilivyokuwa, na kwamba anakwenda kumweleza mwenyewe. Akaandika ripoti. Jina lake aliliweka la kwanza, kama msimamizi aliyeacha mlango mbovu, na langu likafuata. Halafu akaniambia nivae viatu.

Tulimkuta Fardosa nyumbani na mama yake. Madam alieleza yote bila kupunguza kitu, kisha akanigeukia ili nami niseme. Nilisema habari ya babu yangu, ya dhambi, ya aibu niliyoiona. Nilisema sana. Fardosa alisikiliza mpaka mwisho.

"Adeer," akasema, "kwa hiyo jina la babu yako limebaki safi. Langu je?"

Mama yake alimkemea asimwambie hivyo mtu mzima. Madam akamwita eddo, yaani shangazi, akasema, "Mwache. Ameuliza sawa."

Siku chache baadaye mchumba mwenyewe alikuja ofisini, amekonda kwa mawazo. Alitaka Madam amwambie kama ni kweli.

"Sina la kukwambia kuhusu mtu yeyote," Madam akamjibu.

"Lakini mji mzima unajua."

"Wanajua wao. Hapa kwangu hakuna kilichofunguliwa."

"Madam, binamu yangu amesoma kwa macho yake."

"Binamu yako aliiba. Unataka niwe wa pili?" Kisha sauti yake ikapungua. "Walaal, ndugu yangu, huyo binti ana mdomo wake mwenyewe. Nenda ukamuulize yeye, na ukifika, kaa chini kwanza."

Nilikuwa nimekaa karibu nao, na nakiri kwamba mimi ningemwambia, kwa huruma. Siri ilikuwa imeshatoka, ningeona hakuna cha kulinda. Madam aliona bado kuna kitu kimoja: haki ya Fardosa kulisema jambo lake kwa kinywa chake. Kijana alikwenda. Walizungumza nini sijui. Harusi ilisogezwa mpaka dawa zikaisha, na ikafanyika, ingawa baadhi ya wakubwa wa upande wa kijana hawakuja.

Karani wa stoo alifukuzwa. Mimi nilipewa barua ya onyo. Madam Hodhan aliwaandikia waliotuuzia mfumo, akawaandikia tena, hadi yale maswali yakaondolewa, kwetu na kwa wengine waliokuwa wakiutumia. Mwaka wa kupandishwa vyeo alirukwa, na wote tulijua ni kwa sababu ya ripoti. Akahamishiwa Mandera. Siku anaondoka aliingia kwanza kukagua kama tumefunga skrini.

Sasa nimestaafu. Wajukuu hunipa simu zao niangalie, na ninaona kivinjari kinawauliza kama kiwahifadhie nywila, nao wanakubali bila kusoma. Ninawaonya, wananiona mzee mwenye hofu. Mimi mashine siziogopi. Nimefanya kazi na watu walioilinda siri ya mgonjwa kwa kadi iliyogeuzwa chini, kwa namba hewani, na kwa plasta ya wodini, na wote walinifundisha jambo lile lile kwa subira kubwa. Madam Hodhan aliniomba niiambie mashine uongo mmoja mdogo ili mtoto wa watu awe salama, nikajiona mwema mno nisiweze kuusema.

Fardosa alipata watoto, na aliwaleta hospitalini kwetu miaka yote iliyobaki ya kazi yangu. Kila alipokuja alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za mke wangu na za nyumbani, bila haraka na bila kinyongo. Halafu alikwenda kusimama kwenye dirisha la mwenzangu, hata siku ambazo foleni ya pale ilifika nje juani na mbele yangu hapakuwa na mtu. Nilikuwa namtazama amembeba mtoto, anangoja zamu yake. Sikumwita hata mara moja.