Mtamba Aliyetolewa kwa Simu

Pikipiki ya matangazo ilipita Dongobesh asubuhi ya siku ya soko, spika imefungwa nyuma ya kiti kwa mpira wa tairi, na dereva anatangaza kama mtu anayeuza sabuni. Halmashauri inawatangazia wananchi wote: barabara ya Maretadu imechongwa, josho limekarabatiwa, na kesho timu ya chanjo ya mifugo itakuwa huko. Kila ng'ombe atachanjwa homa ya mapafu na kuvishwa hereni ya utambulisho.

Mimi tangazo nalisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nasikia wanachotoa, mara ya pili natafuta wanachoomba. Niliacha debe la maharage nusu, nikaifuata ile pikipiki hadi kona ya stendi, nikasikiliza tena lote. Hawakuomba kitu. Nilirudi kwenye meza yangu nikicheka peke yangu, mpaka mteja akaniuliza kama nimeolewa.

Nilikuwa na sababu ya kufurahi. Baba yangu alikuja hapa kufungua duka, akatuzalia hapa, na mimi nikaingia kwenye maharage. Nafanya biashara na wenye mashamba, ila shamba sina, na chumba cha kupanga hakina malisho. Kwa hiyo ng'ombe wangu, kama ng'ombe wa watu wengi wa mjini huku, anaishi kwa watu. Analelewa Maretadu na mama mmoja mjane ambaye nanunua maharage yake kila msimu.

Mapatano yetu ni yale yale ya huku: maziwa na samadi vyake, ng'ombe wangu, na ndama jike wa pili anakuwa wake. Tulivutana juu ya huyo ndama, wa pili au wa tatu, tangu chai ya asubuhi hadi ugali wa jioni, na nikashindwa na mtu ambaye hakupandisha sauti hata kidogo. Jike wa kwanza nilimuuza; wa pili alizaliwa, akakua, akawa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe begani. Alipoachishwa kunyonya ilikuwa masika na barabara imekatika, hata bodaboda walikuwa wanakataa. Nikapiga simu.

"Mama, yule mtamba sasa ni wako."

"Asante, mwanangu," akasema. "Mungu akubariki."

Nikakata simu nikijua tumemalizana.

Basi siku ya chanjo nilipanda bodaboda alfajiri. Barabara ilikuwa imenyooka mpaka nikaanza kuishuku. Pale ambapo misimu ya nyuma tulikuwa tunashuka na kusukuma, dereva alipita na gia ya juu huku akiimba kwaya. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani pande zote mbili, maharage yanachanua chini yake, na mimi nikaanza kuyakadiria magunia kabla hata hayajafunga.

Kwenye josho watu walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Kina mama walikuwa na thermosi za chai, watoto wako juu ya uzio, ng'ombe wanapiga kelele kuwashinda waliowaleta. Wanaume wa kitongoji walikuwa wamejenga kibanio kipya, ule uchochoro wa miti wa kupitishia ng'ombe mmoja mmoja, na kila aliyechangia mti alihakikisha unauona mti wake.

Mtaalamu wa mifugo alikuwa dada mdogo mwenye buti za mpira, amejifunga lemba la njano. Alidunga shingo, akabana hereni sikioni, akapiga paja, "Anayefuata!" Mkono wake haukupumzika. Pembeni yake alisimama mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa kofia ya sufu, ambaye ndiye aliyepeleka wilayani hesabu ya ng'ombe wa hapa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepanda huku kununua maharage ambayo hayajaiva?"

"Nimekuja kuyaonya yasichelewe."

Yule mama nilimkuta mwisho kabisa wa msururu, kama kawaida yake, amewapisha wote. Alikuwa ameshika kamba mbili, ya ng'ombe wangu na ya mtamba. Nikamwamkia, akaniitikia, akanifuta tope begani kama mwanawe. Kisha akasema polepole kwamba kule bondeni kuna boma lina ng'ombe wanaokohoa. Aliposema hivyo alimtazama mtamba, akamtoa kupe sikioni.

Ng'ombe wangu alipita, akadungwa, akavishwa hereni. Mtamba akaingiza kichwa kwenye kibanio.

"Wa nani huyu?" dada akauliza.

"Wa mama," nikasema.

"Wa huyu binti," mama akasema.

Tukatazamana. Mwenyekiti akakuna kofia. "Mimi kwake mama niliandika ng'ombe mmoja wa kulea. Mtamba sikuambiwa."

"Mimi nilijua mama ameshamtaja," nikasema.

"Nitamtajaje na hajawa wangu?"

"Mama! Si nilikupigia simu?"

"Ulipiga," akasema kwa upole ule ule ulionishinda siku ya mapatano. "Simu ilinifikia mimi. Hawa haikuwafikia." Akaonyesha majirani kwa kidevu.

Watu wakaguna kwa kukubali. Huku ng'ombe hatolewi sikioni kwa mtu mmoja. Anatolewa mbele ya macho ya majirani, mkono wa mtoaji uko mgongoni kwa ng'ombe, ili hata miaka ikipita asitokee wa kubisha. Nilizaliwa hapa, nalijua hilo kama ninavyojua bei ya debe, na bado nilidhani mtandao wa simu umelifuta. Mwaka mzima mama amemkatia nyasi yule mtamba, amelala naye ukuta kwa ukuta, na hajawahi kusema "wangu". Tangu aolewe, kila ng'ombe aliyelala zizini kwake alikuwa wa mtu mwingine.

Dada akainua chupa ya dawa kwenye mwanga. Ilikuwa tupu. "Hii ndiyo ya hesabu mliyoleta. Imeisha."

"Na ile?" Nilikuwa nimeshaiona nyingine ndani ya boksi la barafu. Macho yangu hayaachi kitu ndani ya boksi.

"Ile ni ya akiba. Nikiichanganya lazima itumike leo leo, haikai. Siifungui kwa mtamba mmoja, mama nisamehe. Kesho tuko kata nyingine."

Mama alianza kumrudisha mtamba kinyumenyume, taratibu, asije akaumiza mguu.

"Subiri kwanza mama," nikasema. "Dada yangu, tuongee. Siyo kwa mmoja. Kwa wangapi unafungua?"

"Hata mkijaza hiki kibanio mara nne tu, nafungua."

"Mara mbili."

"Dada, hii ni chanjo, siyo maharage."

"Mara tatu, na chai ya maziwa."

Akacheka. "Tatu. Kabla jua halijakaa pale juu ya mikaratusi."

Nikageuka kwa watu. Nilikuwa nimewahesabu ng'ombe waliopita, nikarudia, na hesabu iligoma. Maziwa ya Maretadu yanayoshuka sokoni kwetu hayawezi kutoka kwenye matiti niliyoyaona asubuhi ile. "Wazee wangu," nikasema, "ng'ombe wengine wako wapi?"

Mzee mmoja akakohoa. "Mwanangu, ng'ombe hawahesabiwi hadharani. Ni mkosi."

"Na ushuru," mwingine akasema kwa chini, watu wakacheka.

Kumbe ndiyo hivyo. Mwenyekiti alipopita kuuliza, kila mtu alimtajia wachache, na mwenyekiti kwa adabu akaandika wachache. Kumwambia mtu hapa "leta uliowaficha" ni kumtukana mbele ya wakwe zake. Nikamtazama mama na ile kamba. Nikaona mlango.

Nikapanda juu ya jiwe. "Jamani, sijaomba ng'ombe wa mtu yeyote! Wenu mmeshaleta, nawaamini. Nauliza wale wa watu. Aliye na ng'ombe wa shemeji, wa rafiki, wa mtu wa mjini kama mimi, anamlea tu, amlete. Huyo si mkosi wako, wala si hesabu yako!"

Wakatazamana. Kisha mzee wa mkosi akajikuna shavu. "Kwa kweli, nina wawili wa shemeji yangu wa Dirma."

"Hata mimi nina wa shemeji," akasema jirani yake. "Wa Dirma."

Na hapo kilima kikafunguka. Watu walikimbia na viatu vya kanisani mkononi. Vijana walipiga miluzi kutoka ng'ambo ya kijito, mahindi yakatikisika bila upepo, na ng'ombe wakaanza kutoka kila mahali, weusi, wa kijivu, wenye nundu zinazoyumba, tope mpaka kwenye magoti. Kina mama walishangilia kama ni harusi. Nilikuwa nakimbia nyuma ya dume nisilolijua, kanga kiunoni, natoa amri kama mtendaji wa kata. Mwenyekiti mwenyewe alitokea nyuma ya shule na kundi zuri kuliko yote.

"Wa nani hawa, mzee?" nikamuuliza.

"Wa watu," akasema, bila kunitazama usoni.

Kibanio kikajaa, kikajaa tena. Dada alifungua chupa kabla hata hakijajaa mara ya tatu. "Huyo shemeji wa Dirma," akasema huku akidunga, "ni tajiri jamani. Hajaoa mke mwingine?"

Zamu ya mtamba ikafika. Dada akashika hereni, akauliza tena, "Wa nani?" na safari hii watu wote wakasogea. Nikaingiza mkono kati ya miti, nikauweka mgongoni kwa mtamba. Alikuwa wa moto, ngozi inatetemeka.

"Majirani," nikasema, "mtamba huyu ametoka kwenye mkono wangu. Ni wa mama huyu. Yeye na uzao wake."

Yule mzee wa mkosi akavua kofia, akaomba baraka kwa kilugha, na kila alipotua pumzi kilima kizima kilimwitikia. Mama alisubiri mpaka mwitikio wa mwisho. Kisha akamwambia dada, wazi, kila mtu asikie: "Andika wangu."

Sindano ikaingia, hereni ikabana. Mtamba akaruka nje ya kibanio akitingisha sikio, na mama akaikunja kamba yake mkononi.

Alikuwa mzuri yule mtamba, kuliko nilivyokuwa nimemtazama alipokuwa wangu. Nikashindwa kujizuia. "Mama," nikasema, "huyu unaweza kuniuzia?" Nikataja bei. Nikaipandisha, nikaipandisha tena.

Mama alimzunguka mtamba mzima, akamkagua miguu na mgongo kama mnunuzi mkali mnadani. Halafu akanipiga bega.

"Mwanangu," akasema, "sijaamua kama nauza," na akashika njia ya nyumbani, mtamba wake mbele.