Mama Aliyekataa Kukaa Chini

Sitakuapia. Watu huapa wakitaka kuaminiwa, na mimi kuaminiwa kwa jambo hili hakunifaidii kitu. Ningefurahi sana ukinithibitishia kwamba niliota. Lakini sikuota. Nilikuwa macho, saa kumi na moja jioni, bisibisi mkononi. Nitakayokueleza yalitokea hapa Mugunga, ukishika barabara ya Sake, mahali ambapo naweza kukupeleka hata kesho. Ila utashuka peke yako. Mimi nitakungoja barabarani.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kwetu ni Butembo, lakini karakana yangu iko Mapendo, hapa Goma, miaka mingi sasa. Natengeneza milango, madirisha, bodi za magari. Na nikuambie ukweli, nina majivuno. Mteja akianza kunielekeza kazi, nampa nyundo mkononi namwambia haya, endelea wewe. Mke wangu alikuwa akisema kwamba siku moja mdomo huo utanigharimu. Nilikuwa nacheka.

Sasa sikia. Mume na mke wazungu, watu wa kazi za msaada, waliniletea karavani yao niizibe paa. Kama hujawahi kuiona karavani, ni kinyumba cha bati jepesi chenye magurudumu mawili, kinavutwa nyuma ya gari; ndani kuna benchi la kulalia, kabati, meza ya kukunja na jiko la gesi. Kabla sijaigusa, vita ikakaribia mji, wao wakavuka mpaka. Baadaye walinipigia simu: papa, ile kitu ni yako, sisi haturudi. Ikabaki uani kwangu inanyeshewa, kuku wakitaga chini yake.

Nilikuwa na binti, Masika, mtoto wangu wa kwanza. Aliolewa Masisi. Mapigano yalipowafikia alikimbia na mumewe na mtoto wao Merdi, wakaishi kambini Mugunga chini ya turubai. Mumewe akarudi Masisi siku moja kuangalia shamba, na hajaonekana hadi leo. Kisha kambi ikavunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao. Warudi wapi? Nikamwambia Masika aje kwangu. Akakataa.

“Papa, bwana yangu aliniachaka Mugunga,” alisema. “Akirudia, atanitafuta Mugunga. Asiponikuta atasema nilikufa.”

Ungemjibu nini? Isitoshe, kwangu tulikuwa tunalala watu saba katika chumba kimoja. Ndipo nikaikumbuka karavani.

Masika mwenyewe ndiye aliyepata mahali. Kulikuwa na kijibonde nyuma ya mawe meusi ya volkano, si mbali na kambi ya zamani, pamekingwa na upepo, hapaonekani kutoka barabarani. Nilishangaa. Watu wote wale walikuwa wanagombania hata upana wa mkeka, na pale hapana aliyeweka hata jiwe. Majani yalikuwa yamekauka, nikadhani ni jua. Nikasema Mungu ametuwekea.

Nilifanya kazi ile kwa moyo wangu wote, niamini. Nilibandua ukanda wa bati pembeni mwa paa, nikakwangua mastiki ya zamani, ile gundi ya kuzibia, iliyopasuka, nikapaka mpya. Kona ya nyuma mbao za tripleksi zilikuwa zimeoza, zinabonyea kama muhogo uliolowa, nikazikata zote nikaweka nyingine. Nilifungua rulemani za magurudumu, zile beringi, nikazitia grisi. Nikatengeneza ngazi ya chuma mlangoni, fupi, ya miguu ya Merdi. Alikuwa na miaka minne. Alikuja karakana siku mbili nzima akiniuliza kama nyumba yake ina honi.

Rafiki yangu mwenye pikapu akatuvutia hadi Mugunga. Tulipofika nilifanya lile ambalo mtu yeyote wa Goma angefanya: nilitoa magurudumu. Hapa kwetu, vita ikisikika, kila mwenye gari hutoa kitu akakificha, mmoja betri, mwingine magurudumu, kwa sababu chochote kinachoweza kuvutwa, wenye bunduki watakivuta. Nilijiambia, karavani isiyo na magurudumu haina wa kuitamani. Nikaishusha chini kabisa, tumbo lake karibu liguse mawe, nikayapeleka magurudumu Mapendo nikayatundika ukutani. Nilijiona nina akili kuliko mji mzima.

Masika alikuwa ahamie Jumamosi. Alhamisi nilirudi peke yangu kumalizia. Mvua ilinyesha tangu saa tisa, na upepo haukuwepo kabisa. Niliweka mbabula yangu ya makaa karibu na mlango, chini ya kibaraza cha bati, nipashe maharage. Nikaingia ndani, nikapiga magoti. Karavani zina matundu sakafuni, yana wavu, na wazungu huyaweka kwa makusudi: gesi ya jiko ni nzito, ikivuja inashuka chini na kutokea pale. Mafundi wengi hapa hawalijui hilo, wanayaziba. Mimi nalijua. Nilikuwa nafunga nyavu mpya kwa bisibisi, nikipiga mluzi.

Kichwa kikaanza kuwa kizito. Nikalaumu harufu ya mastiki. Miguu ikalegea, nikasema ni umri. Nilitamani tu kulaza shavu langu pale sakafuni, kidogo tu, nipumzike.

“Simama, papa.”

Nikainua macho. Ndani ya karavani kulikuwa na mwanamke. Hakuwa mlangoni, alikuwa ndani, amesimama juu ya benchi la kulalia, kichwa chake kinagusa paa, kidevu amekiinua juu kama mtu anayevuka maji yaliyomfika shingoni. Kitenge chake kilikuwa kikavu. Nje mvua inapiga mabati, na kitenge chake kikavu! Sikuliona hilo wakati ule. Hasira yangu ilitangulia, maana benchi lile nilikuwa nimelipaka vanishi asubuhi.

“Mama, shuka hapo,” nikamwambia. “Kaa chini tuongee.”

“Apana. Mimi sikaake chini tena. Simama, papa. Panda hapa.”

Nikasimama, hasa ili nimshushe. Na niliposimama tu, kichwa kikawa chepesi. Pumzi ikaingia. Sikuuliza kwa nini. Nilimuuliza yeye ni nani, akasema yeye ni wa hapa hapa.

“Batamulaza wapi mutoto?” akauliza. “Juu ao chini?”

“Mutoto gani?”

“Ule wa kuuliza honi.”

Nilidhani amezungumza na Masika. Nikamjibu kwamba mtoto atalala sakafuni, kwenye godoro, asije akaanguka kutoka benchini. Mama yake atalala juu. Yule mwanamke akaanza kulia. Alilia bila sauti, kidevu bado kiko juu, machozi yanateremka shingoni.

“Papa, rudisha mapine,” akasema. “Pandisha hii nyumba. Na hii mashimo ya chini, uifunge. Leo, papa. Usingoje kesho.”

Hapo ndipo majivuno yangu yalipoamka. Mwanamke wa njiani ananifundisha mimi magurudumu na matundu! Nikamweleza, kwa ile sauti ambayo mke wangu anaichukia, kwamba matundu yale ni ya kutolea gesi, kwamba gesi ni nzito na hushuka, na kwamba asiyejua asiguse.

“Na ile yenye kutoka chini?” akaniuliza.

Nikacheka. Nilicheka kweli. “Mama, wewe ulisomea ufundi wapi?”

“Sikusoma,” akasema. “Nililalaka chini tu.”

Akatembea juu ya benchi hadi mwisho, akakanyaga kabati, kisha ngazi, kama anayeruka kutoka jiwe hadi jiwe, akatoka na kupanda yale mawe meusi. Hakugeuka. Nilitoka nyuma yake nimwambie neno la mwisho, maana mimi ndiye ninayelitakaga siku zote. Sikumwona. Majivu ya volkano yaliyolowa yalikuwa laini, alama za viatu vyangu zimejaa maji, zake hakuna hata moja. Na mbabula yangu, makaa yaliyokuwa mekundu dakika chache kabla, ilikuwa imezimika. Haikulowa. Ilizimika tu, kama mtu ameifunika.

Wewe ungefanya nini? Najua, ungekimbia. Mimi nilirudi kuangalia vanishi. Haikuwa na alama.

Hapo niliogopa. Siwezi kukudanganya. Lakini niliogopa kama mtu aliyeona mchawi: nilipiga ishara ya msalaba, nikakusanya vyombo vyangu, nikasali hadi Mapendo. Usiku nilijiambia kwamba ni mwanamke mwenye wivu, anatamani mahali pale, anataka kututisha tuondoke. Na magurudumu nilikuwa nayaangalia, yametundikwa pale ukutani. Kuyarudisha ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Ijumaa nzima nilikaa karakana nikichomelea lango la mtu.

Sikumwambia Masika. Nilisema moyoni kwamba sitaki kumwogopesha. Nadhani sikutaka aniambie nirudishe magurudumu.

Jumamosi wakahamia. Merdi alipanda na kushuka ile ngazi mpaka akachoka. Walilala usiku wa kwanza vizuri, wa pili vizuri. Usiku wa tatu mvua ilikatika mapema, upepo ukalala, baridi ikashuka. Alfajiri Masika aliamka juu ya benchi kichwa kinamuuma. Akamwita mtoto. Akashusha miguu, magoti yakamlegea, akaangukia mlango, akaushika akasimama, na kusimama huko ndiko kulikomponya. Merdi alikuwa godoroni amejikunja, mkono chini ya shavu. Hakuwa na jeraha. Hakuwa hata na uso wa mtu aliyeumia.

Watu husema majuto ni mjukuu. Tafadhali, usiniambie hivyo mimi.

Baada ya maziko, Mama Riziki, mzee anayeishi juu ya yale mawe, alikuja na mshumaa. Aliuwasha, akaufunga kwenye kijiti, akauteremsha polepole ndani ya karavani kupitia mlango. Ulipofika usawa wa magoti yangu ukazimika. Akauwasha tena, ukazimika tena pale pale.

“Mazuku,” akasema.

Nilikuwa nalijua hilo neno. Kila mtu Goma analijua: hewa mbaya inayotoka katika mawe ya volkano, haina rangi wala harufu, inajaa mabondeni kama maji wakati hakuna upepo. Mbuzi akiingia hatoki. Nililijua, lakini mimi ni mtu wa Butembo na wa mjini, nikaliweka pamoja na hadithi za wazee.

Mama Riziki akanieleza kwamba wakati wa kambi, mama mmoja kutoka Masisi alitandika mkeka pale bondeni pamoja na mtoto wake. Waliwakuta asubuhi, wote wawili. Tangu siku ile hakuna aliyelala pale.

“Na ninyi mulituona tunaleta nyumba,” nikamwambia kwa hasira. “Juu ya nini hamukusema?”

Akaniangalia kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma kuliko tusi.

“Muzee, tuliona iko na mapine,” akasema. “Tulisema, huyu anajua. Nyumba yake itakaa juu.”

Sikumuuliza yule mama alikuwa na sura gani. Sikuweza.

Sasa nifanye nini? Karavani bado iko pale bondeni, hakuna anayeisogelea. Sipigi magoti tena, hata kanisani. Padri anadhani nina ugonjwa wa viungo. Kazi ya chini siifanyi, namwachia mwingine. Mbabula ya mke wangu ikififia jikoni, natoka nje nasimama barabarani. Kila jioni ya mvua isiyo na upepo nakaa mlangoni nikimsubiri yule mama. Nataka aje anilaumu, anitukane kama anavyotaka. Haji. Alikuja mara moja, akaniokoa mimi niliyepiga magoti pale, akaniomba kazi ya asubuhi moja.

Kwa hiyo nakuonya, wewe fundi, wewe mwenye mikono inayosifiwa. Mtu akikusimamia kazini akakuambia hapa umekosea, usimuulize amesomea wapi. Usiangalie amekanyaga nini. Tengeneza kwanza, utakasirika baadaye, wakati watu wako wote wapo. Na ukipewa bonde ambalo maskini wote wamelikataa, waulize.

Jambo moja limebaki, na hili ndilo linalonimaliza. Siku ya maziko Masika alinishika mkono akaniuliza, “Papa, hakuna mutu alikuambia kitu?”

Nikasema, “Hakuna, mwanangu.”

Akaniamini. Sasa kila Jumapili baada ya misa anakuja Mapendo na bakuli la sombe, majani ya muhogo aliyopika mwenyewe. Ananikalia karibu, ananisugua mgongo, ananiambia, “Papa, usijipige roho. Haukujua.” Anangoja mpaka nimalize, maana mama yake amemwambia kwamba siku hizi sili. Nami namshukuru, nanawa mikono, nakula.