Mama Soksi, Mvisha Chupa

Jina lake kamili, kwa namna alivyopenda litamkwe, ni Mama Soksi, binti wa fundi cherehani aliyekataa kumpima bwana harusi suti mpaka amwone mke wa kwanza kwa macho yake, mjukuu wa bibi aliyetia kidole katika maziwa ya kila muuzaji kabla ya kuitikia salamu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyemfungia mlango mwenyekiti wa mashindano kwa sababu hakubisha hodi, aliyemrudishia tajiri mmoja kikapu chake cha zabibu na kumwambia, "Kampe mkeo, mimi meno yananiuma." Kwangu mimi alikuwa wifi. Wifi kama huyo mtu hapewi wawili, Mungu ana huruma.

Soksi zenyewe ni za chupa. Mji wetu unaishi kwa zabibu, na kila mwaka baada ya mavuno wenye mashamba huleta mvinyo ukumbini uonjwe na kupewa alama. Jaji haruhusiwi kujua anaonja mvinyo wa nani. Kwa hiyo kila chupa huvishwa mfuko wa kitambaa kutoka kitako hadi shingoni, ukafungwa kwa uzi na kutiwa namba. Wifi ndiye aliyeishona ile mifuko, watu wakaiita soksi, na jina likamganda.

Alifanya kazi hiyo peke yake katika chumba cha nyuma, dirisha limebandikwa magazeti, ufunguo uko shingoni. Kwanza alizipanga chupa kwa madaraja, maana mbuzi na kuku hawapimwi kwa jicho moja. Mvinyo uliotulia huku, mvinyo wa povu kule. Wa povu nao una koo zake: uliojitilia povu ndani ya chupa yake haukai meza moja na uliopuliziwa hewa kama soda. Halafu inakuja sukari. Mkavu kabisa, mkavu, nusu tamu, mtamu. Mkavu hutangulia, kwa sababu ulimi ukishaonja utamu unaudharau mkavu.

"Hata ulimi wa kuchungwa," wifi alikuwa akisema. "Ni nyama tu."

Kisha alichuna ile karatasi ya kung'aa shingoni mwa chupa. "Hii ina mdomo," alisema. Ndipo alivisha.

Majaji hutazama rangi, hutazama vipovu kama ni vidogo na vinapanda bila kuchoka, hunusa, huonja, hutema kwenye ndoo, huandika alama juu ya mia. Tisini na zaidi ni dhahabu. Themanini ni fedha. Sabini ni shaba, na chini ya hapo unapewa pole. Mimi nilikuwa mfutaji wa glasi pale ukumbini, na si kila mtu anaweza kazi hiyo, kwa maana glasi yenye harufu ya sabuni huua povu na kumdhulumu mtu mwaka wake mzima. Soksi nazo nilizifua na kuzipiga pasi nyumbani kwangu. Kumbukeni hilo.

Mtauliza, maana mume wangu naye huleta mvinyo wake, dada wa mshindani aliaminiwaje? Watu waliuliza. Mwenyekiti akajibu kwamba mtu asiye na ndugu kwenye zabibu hajazaliwa mji huu, na kwamba kama yupo aliyewahi kupendelewa na Mama Soksi, ajitokeze apigwe picha.

Basi ukafika mwaka ambao mvinyo wetu wa povu, wa mume wangu na wangu, ulipata dhahabu. Shaba tulikuwa tunazo, zimejaa ukuta. Dhahabu ilikuwa ya kwanza. Mume wangu aliigonga msumari juu ya mlango na akawa haingii ndani bila kuinua kichwa.

Haukupita mwezi, jaji mmoja akaja dukani kwa wifi kuongezewa suruali kiunoni. Tulimwita Pua, kwa kazi yake na kwa umbo. Nilikuwepo, nimekaa kwenye stuli nafumua pindo la pazia. Wifi kamzungushia futi, pini ziko mdomoni.

"Mama, ule mvinyo wa mdogo wako," Pua akasema, kifua mbele. "Niliujua kabla sijaunusa. Glasi tupu bado, nimeshaujua."

Wifi akatoa pini mdomoni moja moja. "Uliujuaje?"

"Aa, sisi wazoefu tuna siri zetu."

"Ulionyeshwa na mtu?"

"Mama, unanichoma!"

"Pini imeteleza. Ulionyeshwa na mtu?"

Pua akacheka, akasema mtu akipewa zawadi haulizwi imetoka kwa nani, akachukua suruali yake kabla haijaisha akaondoka. Wifi hakumtazama akienda. Alinitazama mimi.

"Soksi anafua nani?"

"Mimi, wifi. Si wewe ndiye unayenipa?"

"Na pasi anapiga nani?"

"Jini. Wifi, sema unachotaka kusema."

"Mtu anayefua anaweza kuacha doa. Anaweza kuacha uzi nje. Na anajua mumewe anataka nini."

Damu ilinipanda. Nikamwambia kwetu hatuibi hata usingizi, na kama angetaka mwizi aanze kutafuta kwenye ukoo uliotia vidole kwenye maziwa ya watu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikunja futi yake taratibu, akasema, "Ikithibitika ni wewe, dhahabu nitairudisha mwenyewe mbele ya watu. Na siku nikifa usije. Nitaacha nimesema."

Kaburi la wifi si mchezo. Ukikatazwa hapo, umekatwa kwenye ukoo, na watoto wako watasimuliwa. Jioni ile ile alikuja na mfuko wa gunia akabeba soksi zote. Maji nilimpa, hakunywa.

Mwaka mzima tuliishi hivyo. Akija kumsalimu mdogo wake anasimama nje, anaongea kupitia dirishani. Mume wangu akawa kama mpira, huku anapigwa, kule anapigwa.

"Dada, mke wangu hajafanya," alimwambia.

"Wewe ulikuwa unaamini hata kwamba jino likitupwa juu ya paa linaota la dhahabu. Nyamaza."

Na mimi, nisiwafiche, nikaanza kumtilia shaka mume wangu. Nilimwona akiongea na Pua sokoni, nikahesabu wamecheka mara ngapi. Shaka ni kama upupu, anayeurusha na anayerushiwa wote wanajikuna.

Mashindano yaliporudi, wifi alishona soksi mpya zote, nyeusi, za jora moja, mshono mmoja. Alizifua na kuzipiga pasi mwenyewe. Alilala na ufunguo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alipomaliza kuvisha, hakubaki chumbani. Alikuja ukumbini akasimama ukutani nyuma ya majaji. Alitaka kuona jicho la Pua linaenda wapi. Mimi nilikuwa kwenye meza ya glasi na kitambaa changu, na nilijua jicho la pili la wifi liko kwangu.

Zikaletwa chupa za povu, daraja la mkavu. Zikapangwa mstari mmoja, nyeusi tii, kama wajane. Mimina, nusa, tema. Kabla chupa moja haijanyanyuliwa, Pua akatulia. Akaweka kalamu chini, akatabasamu peke yake.

Wifi akaondoka ukutani. Akaenda hadi mezani, akainama juu ya chupa ile, akaitazama kwa muda. Akazitazama zilizo kando. Akairudia. Nikaona mkono wake unapanda mdomoni.

"Simamisheni," akasema.

Mwenyekiti akainuka. "Mama, kuna nini?"

"Kuna mimi."

Chupa zote zilifungwa fundo moja la haraka, ncha za uzi zinaning'inia. Ile moja ilifungwa mara mbili, na ncha zimechomekwa ndani ya kitambaa, zimelazwa vizuri, zisikwaruze shingo. Nililijua fundo lile. Mume wangu alinisimulia zamani: mama yao alipokufa yeye alikuwa na sweta moja lisilo na kifungo, na dada yake alimfunga uzi shingoni kila asubuhi ya shule, mara mbili, ncha ndani.

"Hili ni fundo langu," wifi akasema. "Nilikuwa silioni. Miaka yote nimemfunga mdogo wangu asipate baridi, na huyu bwana amekaa anasoma mkono wangu."

Pua akatazama ndoo ya kutemea.

"Unasemaje wewe?" mwenyekiti akamuuliza.

"Mimi niliona tu. Kila soksi zikivuliwa, ile iliyofungwa vizuri ni ya bwana yule yule. Mwaka jana nikasema, mtu akifungwa hivi, lazima ni mzuri."

"Umeupa alama uzi!" akafoka jaji mwingine.

Chupa zikarudishwa nyuma. Zikavishwa upya na mke wa bawabu, asiyejua povu la mvinyo na la kufulia. Zikaonjwa tena, Pua akiwa ameketi nje. Mvinyo wetu ulipata fedha. Mume wangu alipanda ngazi akaishusha dhahabu ya mwaka jana, akairudisha mwenyewe, dada yake yuko kando. Aliporudi akapigilia fedha pale pale. Kichwa akainua tu kama kawaida.

Kuniomba msamaha? Kwao hawazaliwi nao. Siku chache kabla ya mashindano yaliyofuata alikuja kwangu, safari hii akaingia ndani, akakaa, akanywa maji, akaomba mengine. Kisha akanichukua hadi chumba cha nyuma cha ukumbi. Chupa zilikuwa zimeshapangwa, zimevishwa, zimefungwa, zimechanganywa. Hata mimi mwenye mvinyo nisingeweza kuujua wangu.

"Mimi ninajua kila chupa ni ya nani, kwa hiyo sifai kufunga," akasema. "Wewe hujui hata moja. Kuanzia leo mimi navisha natoka, wewe unaingia. Fungua kila fundo, ufunge upya, yote sawasawa. Nikifa, tafuta wa kuvisha, wewe usiache kufunga."

"Na ukifa ninakuja?"

"Nani mwingine atakayenifunga sanda vizuri?"

Akanipa mkasi na donge la uzi. Akatoka, akafunga mlango. Nikaanza chupa ya kwanza, na nikamsikia amesimama pale pale nje, anapumua kwenye tundu la kufuli.

"Usichomeke ncha," akasema.